Namna ya kuhakiki kiraka cha profaila: mwongozo kamili kwa waandishi wa programu wa Arusha na Moshi

Profaila ni chombo kinachoonyesha programu inatumia muda wake kwenye fankisheni zipi. Ikiwa na hitilafu, mara nyingi haizimiki wala haitoi ujumbe wa kosa. Inaendelea kuonyesha majina ya fankisheni na asilimia zake kama kawaida, na anayeisoma anakwenda kurekebisha sehemu ya programu isiyo na tatizo lolote. Kwa hiyo kuhakiki kiraka cha profaila, yaani badiliko la msimbo ambalo mchangiaji analipendekeza, kunadai zaidi ya kuona msimbo unajengeka na majaribio yanapita. Lazima ulijue jibu sahihi kabla hujaendesha chombo, kisha uangalie kama chombo kinalitoa jibu hilohilo. Mkulima wa kahawa anayepeleka mzigo AMCOS, chama chake cha ushirika, analijua jambo hili: mizani haihakikiwi kwa gunia lake, inahakikiwa kwa jiwe ambalo uzito wake unajulikana tayari.

Naandika kwa ajili ya vijana wa huku kwetu wanaojua C kidogo na Linux ya kutosha, wawe wanasoma Arusha Technical College, wanafanya utafiti Tengeru, au wamejiajiri Moshi mjini kwa kuandika programu za maduka na vyama vya ushirika. Wengi wanataka kuchangia miradi ya programu huria na wanadhani mlango pekee ni kuandika msimbo. Kuhakiki ni mlango mpana zaidi. Viraka vinavyosubiri macho ya mtu makini ni vingi, na anayehakiki vizuri watunzaji wa mradi humkumbuka.

Mfano tutakaoutumia

Nimetunga kiraka cha mfano kinachofanana na aina ya hitilafu inayojulikana sana katika fani hii. Tuseme kuna profaila ya Linux inayochukua sampuli: mara nyingi kila sekunde inasimamisha programu, inaandika prosesa ilikuwa kwenye anwani gani, na inapanda rundo la miito kuona nani alimwita nani. Baadaye anwani hizo zinageuzwa kuwa majina. Mtumiaji mmoja ameleta malalamiko: programu yake ya seva inaonyesha kwamba kazi yote imeitwa na fankisheni ambayo yeye anajua kabisa haijawahi kuitwa. Mchangiaji akaleta kiraka hiki:

```
 for (i = 0; i < n; i++) {
-    jina = tafuta_jina(ramani, anwani[i]);
+    jina = tafuta_jina(ramani, i ? anwani[i] - 1 : anwani[i]);
```

Mstari mmoja tu. Nilipowaonyesha vijana ninaokutana nao Jumamosi pale Sakina, mmoja wao aliuliza, "Kaka, mstari mmoja huu nihakiki nini tena? Si unaonekana?" Nikamjibu, "Mdogo wangu, hebu niambie kwanza kwa nini anatoa moja, na siyo tano." Tulikaa na mstari huo hadi jua likazama.

Kwanza, soma malalamiko na uache kiraka kisubiri

Ukianza na kiraka, akili yako inafuata njia ya aliyekiandika na unaona alichokiona yeye. Anza na taarifa ya hitilafu. Andika kwa maneno yako mwenyewe mambo matatu: mtumiaji alitarajia nini, alipata nini, na mazingira yake yalikuwaje, yaani toleo la chombo, toleo la kerneli, aina ya prosesa, kompaila na vigezo vyake. Taarifa ikikosa mojawapo, uliza mapema. Kwenye profaila mazingira ndiyo nusu ya hitilafu, na katika mfano wetu utaona kwamba kigezo kimoja cha kompaila kinaamua kama hitilafu itaonekana au itajificha.

Kisha jaribu kueleza chanzo bila kuangalia suluhisho. Hapa ndipo penye uhondo, na naomba usipite haraka.

Fankisheni inapoita nyingine, prosesa inaweka kwenye rundo anwani ya kurudi. Anwani hiyo haionyeshi amri ya mwito wenyewe. Inaonyesha amri inayofuata baada ya mwito, kwa sababu huko ndiko kazi itakakoendelea. Profaila inapopanda rundo inaokota anwani hizi za kurudi. Kwa kawaida amri inayofuata bado imo ndani ya fankisheni ileile, kwa hiyo jina linatoka sahihi na hakuna anayegundua chochote. Lakini kuna fankisheni ambazo hazirudi: `abort`, `exit`, au kitanzi kikuu cha seva kinachosubiri maombi milele. Kompaila ikijua kwamba mwito hautarudi, haina sababu ya kuweka amri yoyote baada yake. Mwito unakuwa amri ya mwisho ya fankisheni, na anwani ya kurudi inaangukia nje ya mpaka wake, mwanzoni mwa fankisheni ya jirani. Profaila inatafuta jina la anwani hiyo na inataja jirani.

Dawa yake inajulikana: unapotafuta jina la mwitaji, punguza anwani kwa moja ili irudi ndani ya amri ya mwito. Moja inatosha kwa sababu baiti yoyote ya amri ile ni mali ya fankisheni iliyoita. Kwenye x86 mwito wa moja kwa moja una baiti 5, lakini miito mingine ina urefu tofauti, kwa hiyo anayetoa 5 anabahatisha. Chombo cha perf, kilichoingia kwenye kerneli ya Linux toleo la 2.6.31 mwaka 2009, hufanya upunguzaji huu kinapopanda rundo kwa kutumia taarifa za DWARF, yaani maelezo ambayo kompaila huyaweka ndani ya programu kwa ajili ya kutafuta makosa. Kwa hiyo wazo la mchangiaji wetu ni sahihi. Linalobaki ni kujua kama ameliweka mahali pake kikamilifu.

Andaa mashine bila kumaliza bando

Hazina ya msimbo wa mradi mkubwa inaweza kula bando lako la wiki nzima kwa asubuhi moja. Usikimbilie kuvuta komiti (badiliko lililohifadhiwa kwenye historia) moja tu kwa `--depth 1`, maana utahitaji historia. Tumia hivi:

```
git clone --filter=blob:none ANWANI_YA_MRADI
```

Unapata orodha yote ya komiti, na maudhui ya mafaili ya zamani yanavutwa pale tu unapoyaomba. Kumbuka kwamba `git blame`, inayoonyesha kila mstari uliingia kwa komiti ipi, nayo itavuta, kwa hiyo iendeshe mahali penye mtandao wa uhakika, siyo ukiwa ndani ya basi la Arusha–Moshi.

Jenga matoleo mawili kwenye folda mbili tofauti, moja bila kiraka na moja lenye kiraka. `git worktree add` inakupa folda ya pili bila kuvuta tena hazina. Kuwa na programu mbili kando kwa kando ni bora kuliko kujenga na kubomoa folda moja, kwa sababu saa tano baadaye hutakumbuka iliyopo sasa ni ipi.

Kama chombo kinatumia huduma ya kerneli ya kuchukua sampuli, angalia thamani ya `kernel.perf_event_paranoid`. Ikiwa 2, mtumiaji wa kawaida anapima programu zake mwenyewe upande wa mtumiaji lakini haoni ndani ya kerneli. Ukihitaji kuishusha, ishushe kwenye mashine yako ya majaribio. Seva yenye data za wateja au za wanachama wa ushirika usiiguse. Na ukiwa kwenye mashine pepe ya kukodi, huenda vihesabio vya prosesa havipo kabisa. Hapo tumia tukio la `cpu-clock`, na useme hivyo kwenye maoni yako.

Zaa hitilafu kwa mikono yako

Usikubali kiraka cha hitilafu ambayo hujaiona. Programu ya kuizaa inatakiwa iwe ndogo kiasi cha kuisoma yote kwa pumzi moja, na jibu lake sahihi liwe dhahiri:

```c
static volatile unsigned long jumla;

__attribute__((noinline, noreturn))
static void zungusha(void)
{
    for (;;)
        jumla++;
}

__attribute__((noinline))
void anza(void)
{
    zungusha();
}

__attribute__((noinline))
void jirani(void)
{
    jumla = 0;
}

int main(void)
{
    anza();
}
```

Jibu tunalijua kabla ya kupima: `main` inaita `anza`, `anza` inaita `zungusha`, na `jirani` haiitwi na yeyote. Jina `jirani` likionekana popote kwenye ripoti, chombo kimekosea, hakuna mjadala.

```
gcc -O1 -g -fno-omit-frame-pointer -fno-toplevel-reorder \
    -falign-functions=1 -o mfano mfano.c
objdump -d mfano
```

Vigezo hivi vina sababu zake. `-fno-omit-frame-pointer` inafanya rundo lipandike kirahisi. `-fno-toplevel-reorder` inazipanga fankisheni kwa mpangilio wa faili, ili `jirani` ifuate `anza` kweli. Cha tatu, `-falign-functions=1`, ndicho kinachoeleza kwa nini hitilafu hii inawasumbua watu. GCC kwenye x86 ikitumia `-O2` kwa kawaida huanzisha kila fankisheni kwenye anwani inayogawanyika kwa 16, na nafasi iliyobaki inajazwa amri zisizofanya kitu. Kama `anza` haiishii sawasawa kwenye mpaka huo, anwani ya kurudi inaangukia kwenye nafasi ya kujazia, ambako chombo ama kinakosa jina ama, kutegemea kinavyohesabu mwisho wa fankisheni, kinataja jina sahihi kwa bahati. Ndiyo maana mtumiaji mmoja analalamika na mwenzake anamwambia "kwangu inafanya kazi". Wote wawili wanasema kweli. `-falign-functions=1` inaondoa nafasi ya kujazia na hitilafu inatoka mafichoni.

Usiniamini mimi wala vigezo: soma matokeo ya `objdump`, yaani amri za mashine zilizomo ndani ya `mfano`. Hakikisha kwamba `call` ndiyo amri ya mwisho ya `anza` na kwamba anwani inayofuata ndiyo mwanzo wa `jirani`. Kama kompaila yako imepanga vingine, bado hujazaa hitilafu yoyote, na kiraka kitaonekana kimefaulu bila kufanya kazi.

Sasa endesha profaila isiyo na kiraka kwa sekunde chache, ukiifunga programu kwa `timeout 5` kwa kuwa haiishi yenyewe. Ripoti inatakiwa ionyeshe `zungusha` imeitwa na `jirani`. Hata `main` inaweza kukosa jina, kwa sababu hiyohiyo. Hifadhi ripoti. Endesha toleo lenye kiraka, linganisha, hifadhi. Ripoti hizo mbili ndizo zitakazobeba maoni yako.

Sasa fungua kiraka

Anza na maelezo ya komiti. Yanasema chanzo, au yanasema tu "rekebisha majina mabaya"? Miaka mitano ijayo mtu atafika kwenye mstari huu kwa `git blame` akijiuliza ile `- 1` inatafuta nini, na maelezo ya komiti ndiyo pekee yatakayomjibu. Kama mchangiaji hakuandika kwamba anwani ya kurudi huonyesha amri iliyo baada ya mwito, mwombe aandike, na pia aweke maoni mafupi juu ya mstari wenyewe. Hili ni ombi halali kwenye uhakiki hata kama msimbo hauna kasoro.

Kisha tafuta mstari wa zamani uliingiaje. `git log -S'tafuta_jina(ramani'` itakuonyesha komiti zilizoongeza au kuondoa maneno hayo. Huenda mtu aliwahi kupunguza moja, na mwingine akaiondoa kwa sababu ilivunja kitu. Ukikuta hivyo, umeokoa mradi kutembea kwenye duara. Kama hitilafu haikuwepo zamani na hujui ilianza lini, `git bisect` itakupeleka: komiti 1,000 zinamalizika kwa hatua 10 hivi, kwa sababu kila hatua inakata nusu. Miradi inayofuata desturi ya kerneli hutaka komiti iliyoleta hitilafu itajwe kwenye lebo ya `Fixes:` kwa angalau herufi 12 za mwanzo za kitambulisho chake. Hakikisha komiti iliyotajwa ndiyo yenyewe, maana watunzaji wa matoleo ya zamani wanaitegemea lebo hiyo kuamua kiraka kirudishwe hadi wapi.

Mipakani ndiko kazi iliko

Turudi kwenye ule mstari mmoja. Mchangiaji ameacha anwani ya kwanza bila kuipunguza, `i` ikiwa sifuri, na hapo yuko sahihi. Anwani ya kwanza ni mahali prosesa ilipokuwa sampuli ilipochukuliwa, haikutokana na mwito. Ukiipunguza na prosesa ilikuwa kwenye amri ya kwanza ya fankisheni, jina linahamia kwa fankisheni iliyotangulia, na umebadilisha kosa moja kwa lingine.

Lakini je, anwani ya kwanza ni moja tu? Kwenye sampuli zinazotoka kwenye huduma ya perf ya kerneli, orodha ya miito ina alama zinazotenganisha upande wa kerneli na upande wa mtumiaji. Zimeandikwa kama namba kubwa sana zinazolingana na hasi: -128 inatangulia anwani za kerneli, -512 inatangulia za mtumiaji. Sampuli ikichukuliwa ndani ya kerneli, orodha inaanza na alama ya kerneli, anwani za kerneli, alama ya mtumiaji, kisha anwani za mtumiaji. Na anwani inayofuata mara baada ya alama ya mtumiaji si lazima iwe ya kurudi. Programu ikiwa imekatizwa na hitilafu ya ukurasa wa kumbukumbu (page fault), anwani hiyo ni ya amri yenyewe iliyokatizwa. Kiraka chetu kinaangalia `i` peke yake, kwa hiyo kitaipunguza. Fankisheni ikigusa ukurasa mpya wa rundo kwenye amri yake ya kwanza kabisa, jina litatoka la jirani wa juu. Vilevile alama zenyewe zinaweza kupunguzwa na kuwa -129 au -513, kama hazichujwi mapema. Fuatilia msimbo kurudi nyuma hadi uone zinachujwa wapi. Usikisie.

Ishara za mfumo (signals) nazo zina mtego huohuo. Programu ikiwa ndani ya kishughulikia ishara, fremu (sehemu ya rundo ya fankisheni moja) iliyo juu yake kwenye rundo haikuita chochote, ilikatizwa. Taarifa za DWARF zinaweka herufi `S` kwenye maelezo ya fremu za namna hiyo ili mpandaji wa rundo ajue asipunguze. Kama profaila hii inapanda kwa DWARF, uliza kama taarifa hiyo inafika hadi kwenye kitanzi hiki. Kama inapotelea njiani, marekebisho yanapaswa kufanyika mapema zaidi, pale fremu inapojulikana ni ya aina gani. Hili ndilo pingamizi langu kubwa kwa kiraka hiki: kinafanya uamuzi mahali ambapo habari inayohitajika imeshapotea.

Prosesa nyingine zisisahaulike. Kwenye ARM ya biti 32 inayotumia amri za Thumb, anwani ya kurudi huwa na biti ya mwisho iliyowashwa kama alama ya aina ya amri. Ukitoa moja unazima alama hiyo tu, na anwani inabaki baada ya mwito, palepale ilipokuwa. Lazima biti isafishwe kwanza, halafu upunguze. Kwenye ARM ya biti 64 yenye uthibitishaji wa vielekezi, anwani ya kurudi iliyolala kwenye rundo inaweza kuwa imebeba saini kwenye biti za juu, nayo inaondolewa kabla ya kutafuta jina. Huna mashine ya ARM? Simu nyingi za Android na kompyuta ndogo za Raspberry Pi ni ARM. Na usipoipata, andika kwamba umehakiki x86 peke yake.

Angalia pia anwani sifuri. Mpandaji wa rundo akifika mwisho vibaya anaweza kuacha sifuri kwenye orodha, na namba isiyo na alama ya hasi ikitolewa moja kutoka sifuri inaruka hadi kwenye thamani kubwa kuliko zote.

Kuna kingine kinachopita bila kuonekana. Upunguzaji huu ni wa kutafutia jina. Anwani inayochapishwa kwenye ripoti na kuhifadhiwa kwenye faili ibaki ya asili, maana watu wana hati zao zinazosoma anwani hizo na kuzilinganisha na vyombo vingine. Kiraka chetu hakibadilishi `anwani[i]` yenyewe, na hilo ni jema. Kama toleo la pili litakuja na `anwani[i]--`, simama hapo.

Usishangae namba za mistari nazo zikibadilika. Hata pale jina lilipokuwa sahihi, anwani ya kurudi mara nyingi ni ya mstari unaofuata kwenye msimbo chanzo, kwa hiyo baada ya kiraka miito mingi itasogea kwenda kwenye mstari wake halisi. Ni maendeleo, ila majaribio ya zamani yaliyohifadhi matokeo yanayotarajiwa yataanguka. Mchangiaji akiyasasisha yote kwa pamoja kwa amri moja, chagua machache uyapitie kwa `objdump`, hasa yale ambayo jina limebadilika na si namba ya mstari tu.

Jaribio lazima lianguke kabla ya kupita

Kiraka cha hitilafu kije na jaribio. Likija, liendeshe kwenye msimbo wa zamani: acha faili la jaribio, rudisha faili la suluhisho peke yake kwa `git checkout HEAD~ -- njia/ya/faili.c`, jenga, endesha. Likipita bila suluhisho, halipimi kitu. Kwenye mfano wetu hili linatokea kirahisi mno, kwa sababu jaribio lililojengwa kwa `-O2` lenye nafasi ya kujazia linaweza kupita kwa bahati tu.

Jaribio la profaila lisidai asilimia kamili. Sampuli ni bahati nasibu iliyopangwa: fankisheni yenye asilimia 10 ya muda, ukichukua sampuli 1,000, inaweza kuonekana popote kati ya asilimia 8 na 12 bila chochote kuharibika. Jaribio linalodai "iwe 10 kamili" litaanguka leo na kupita kesho, na baada ya wiki mbili kila mtu atakuwa amelizoea na kulipuuza. Lidai mpangilio: `anza` iwepo juu ya `zungusha`, `jirani` isiwepo.

Jenga pia toleo moja lenye `-fsanitize=address` na uendeshe majaribio yote. Viraka vinavyogusa mipaka ya anwani vinaweza kusoma nje ya safu, na kosa la namna hiyo halionekani kwa macho.

Gharama na mafaili ya zamani

Mstari huu unaongeza ulinganisho mmoja kwa kila fremu wakati wa kutengeneza ripoti, kwa hiyo sioni sababu ya kuuhofia. Hata hivyo pima mara moja, maana ripoti kubwa ina mamilioni ya fremu: `perf stat -r 10` juu ya amri ya ripoti, toleo la zamani na jipya, kwa faili lilelile la data. Pima ukiwa umechomeka umeme. Umeme ukikatika na kompyuta mpakato ikahamia kwenye betri, prosesa inaweza kushusha kasi yake, na utamlaumu mchangiaji kwa jambo la betri. Ukiweza, funga kasi kwa `cpupower frequency-set -g performance` kabla ya kuanza.

Kwa kuwa marekebisho yako upande wa ripoti, data iliyorekodiwa na toleo la zamani nayo itasomeka kwa usahihi. Thibitisha kwa faili ulilohifadhi kule mwanzo. Kama marekebisho yangekuwa upande wa kurekodi, ungeuliza toleo jipya linatofautishaje faili lililokwisha kurekebishwa na lisilorekebishwa, ili moja isitolewe mara mbili.

Kuandika maoni

Miradi mingi inaandika kwa Kiingereza, na Kiingereza chako kikiwa cha sentensi fupi kinatosha kabisa. Ukitaka, panga hoja kwanza kwa Kiswahili kwenye daftari, kisha uziandike upya moja moja. Anza na ulichofanya: mashine, kompaila, hatua, matokeo kabla na baada. Kisha weka pingamizi kwa uzito wake, linalozuia kwanza, la hiari mwisho, na useme wazi lipi ni lipi. Mchangiaji anayesoma maoni kumi yasiyopangwa anarekebisha nafasi za maneno na kuacha fremu ya ishara.

Kila pingamizi libebe ushahidi au swali linalojibika. "Sina uhakika na hili" halimsaidii mtu. "Nimeendesha programu hii, yenye kishughulikia ishara, na ripoti imetaja fankisheni isiyoitwa, programu na ripoti nimeviambatanisha" linamsaidia. Ongea juu ya msimbo, mtu muache. Salamu na shukrani mwanzoni, kama unavyoingia nyumba ya watu, zinapokelewa vizuri kila mahali.

Lebo unazoweza kutoa kwenye miradi yenye desturi ya kerneli zina maana tofauti, na ni vibaya kuzichanganya. `Tested-by` inasema umeendesha na imefanya kazi kwenye mazingira uliyoyataja. `Acked-by` hutolewa zaidi na mtunzaji wa sehemu inayohusika, kuonyesha anakubaliana. `Reviewed-by` ndiyo nzito: unatangaza kwamba umechunguza kiraka kiufundi, na masuala uliyoyaona yamejibiwa vya kukuridhisha. Kwa kiraka chetu kilivyo sasa, ningetoa `Tested-by` kwa x86, na `Reviewed-by` ningeizuia hadi suala la alama za kerneli na fremu za ishara lijibiwe.

Toleo la pili likija, usisome lote upya kana kwamba ni geni, wala usilipitishe kwa kuwa la kwanza ulilijua. `git range-diff` inakuonyesha kilichobadilika kati ya matoleo mawili. Endesha tena `mfano`, ile programu yenye kishughulikia ishara, na majaribio yote. Kama mchangiaji amehamisha upunguzaji kwenda pale fremu inapopandwa, sharti ulilolihakiki mwanzo halipo tena, na lebo yoyote uliyoitoa ilikuwa ya msimbo mwingine. Mwandikie aiondoe kwenye toleo hilo, kisha uanze tena na fremu ya kwanza.